Kuwapo na Kuthubutu: Historia ya Mafunzo ya Uandishi wa Habari, Kutoka Mifereji ya Uru Hadi Chuo Kikuu

1. Utangulizi

Wapo wanaodhani kwamba uandishi wa habari ni ufundi mtupu, kama useremala: mtu akishajua kushika randa na kupima ubao, amehitimu. Wapo pia wanaodhani kwamba uandishi wa habari ni siasa tupu: mtu akishakuwa na msimamo sahihi, habari zake zitakuwa sahihi zenyewe. Makosa haya mawili yamekaa miongoni mwetu kwa muda mrefu, na yote mawili yamewaumiza wananchi. Kusudi la makala haya ni kuonyesha, kwa njia ya historia, kwamba habari ya kweli ina masharti mawili yasiyotenganishwa. Sharti la kwanza ni mwandishi kuwapo mahali pa tukio, au kumtafuta aliyekuwapo. Sharti la pili ni kuthubutu kusema alichokiona. Kila zama katika nchi yetu zilimpa mwandishi sharti moja na kumnyima la pili. Na kazi ya chuo kikuu leo, kinapowafundisha vijana misingi ya habari, ni kuyaunganisha.

Naanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu mkufunzi asiyejikosoa hana haki ya kukosoa historia. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha makada, nikiwa na umri wa miaka 22, nilipelekwa Uru kwa mazoezi ya kazi. Nilitakiwa kuandika taarifa juu ya wananchi kusafisha mfereji wa maji. Mvua ilikuwa kubwa na njia ilikuwa tope, nami sikupanda mlima. Nilikwenda ofisini kwa kiongozi mmoja, akanisimulia, nikaandika: wananchi 200 walijitokeza kwa hamasa kubwa, na maji yakafika mpaka kitongoji cha chini kabisa. Taarifa ilisifiwa, ikapelekwa wilayani.

Baada ya majuma machache taarifa ile ilisomwa katika mkutano wa kijiji. Mama mmoja mzee akasimama, akaniamkia kwa upole, kisha akauliza: "Mwanangu, siku hiyo ulikuwapo?" Sikuwa na la kujibu. Ndipo akaeleza. Watu walikuwa kama 30, wengi wao wanawake. Maji yaliishia kwenye nduwa, kwa sababu ukingo wake ulikuwa umebomoka, na kitongoji cha chini hakikupata hata tone. Kibaya zaidi, walipoomba saruji wilayani waliambiwa kwamba kwa mujibu wa taarifa maji yameshafika. Msimu ule migomba ya chini ilikauka, na kalamu iliyoikausha ilikuwa yangu.

Swali la mama yule ndilo somo la kwanza la uandishi wa habari. Hebu tuone ni nani katika historia yetu aliyeweza kulijibu.

2. Habari mlimani kabla ya gazeti

Uru iko juu ya mji wa Moshi, katika miteremko ya kusini ya Kilimanjaro, kati ya Kibosho na Moshi ya Zamani. Ni nchi ya vihamba: migomba, kahawa chini ya migomba, na maji yanayoletwa kwa mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka kwenye mito na makorongo ya mlima. Mfereji hauwezi kuishi bila habari. Ukingo ukibomoka usiku, lazima wenye mfereji wajue asubuhi. Zamu ya maji ikibadilika, lazima kila mwenye kihamba ajue. Baragumu lilipulizwa, mjumbe akatumwa, watu wakakutana. Aliyeleta habari ya kubomoka kwa mfereji ni yule aliyekwenda kuuona, na mpotoshaji alijulikana kwa jina na kwa ukoo. Hapo sharti la kwanza lilikuwapo: mleta habari alikuwa amekuwapo.

Lakini tusiipambe historia. Baragumu hilohilo lilipulizwa pia kwa amri ya Mangi, na amri zilipita kwa wachili wake. Habari za kazi ya Mangi na ushuru wa Mangi hazikuwa za kujadiliwa. Mtu wa kawaida aliweza kusema kwamba mfereji umebomoka. Haikuwa rahisi kusema ni nani anayechukua maji zaidi ya zamu yake, ikiwa huyo ni mkubwa. Kuthubutu kulikuwa na mipaka tangu wakati huo.

3. Kalamu ya misheni na kalamu ya mkoloni

Magazeti ya Kiswahili yalianza katika mikono ya wamisionari. Mwaka 1888 misheni ya Kianglikana ya UMCA ilianzisha Msimulizi huko Unguja, na walimu na wanafunzi wa Kiafrika waliandika humo habari za vituo vyao. Mwaka 1904, katika enzi za Wajerumani, shule ya serikali ya Tanga ilianza kutoa Kiongozi. Baada ya Waingereza kuitwaa nchi, Idara ya Elimu ilianzisha Mambo Leo mwezi Januari 1923.

Ni vizuri wanafunzi wa uandishi wa habari wajue kwamba shule zao za kwanza ni hizi. Mwalimu wa kijiji, karani au mganga msaidizi, akiwa mbali kabisa na Dar es Salaam, aliandika barua kwa mhariri: mvua imenyesha, nzige wameingia, daraja limekwenda na maji, fulani amefariki. Alijifunza kutaja siku, mahali na jina. Alijifunza kufupisha, maana nafasi ilikuwa ndogo. Alijifunza Kiswahili kinachoeleweka na msomaji wa pwani na wa bara. Hakuna aliyempa cheti. Maswali ya nani, nini, lini na wapi aliyajibu vizuri kuliko wengi wetu, kwa sababu aliishi palepale alipoandikia.

Lakini kuna maswali mawili ambayo hakuruhusiwa kuyagusa: kwa nini, na kwa faida ya nani? Aliweza kuandika kwamba kodi imekusanywa. Hakuweza kuuliza inakwenda wapi. Mhariri alikuwa ofisa wa serikali, na mitambo ya chapa ilikuwa ya serikali. Kwa hiyo mkoloni alimpata mwandishi aliyekuwapo, akamfunga mdomo. Na mtindo huu haukuwa wa Tanganyika peke yake. Mwaka 1870 mashirika makubwa ya habari ya Ulaya, yaani Reuters la Uingereza, Havas la Ufaransa na Wolff la Ujerumani, yalikubaliana kugawana dunia, kila moja na eneo lake la kukusanya na kuuza habari. Ilikuwa miaka 14 kabla ya mkutano wa Berlin ulioanza mwaka 1884. Mabeberu walizigawana habari za dunia kabla ya kuketi kuigawana Afrika.

Mwafrika wa kwanza kulivunja ukuta huu kwa gazeti lake mwenyewe katika Dar es Salaam alikuwa Erica Fiah, mwenye duka aliyetoka Uganda, aliyeanzisha Kwetu mwaka 1937. Fedha zilikuwa haba na gazeti lilitoka kwa kusuasua, lakini aliandika juu ya mishahara, ubaguzi na elimu. Fiah alithubutu. Alichokosa ni mtandao wa waandishi walioenea vijijini, ambao serikali ilikuwa nao bila gharama.

4. Kahawa, Ushirika na Komkya

Turudi mlimani. Mwaka 1925 wakulima wa Kilimanjaro, miongoni mwao Joseph Merinyo, waliunda chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA. Mwaka 1933 mahali pake palichukuliwa na Chama Kikuu cha Ushirika, KNCU, chini ya uangalizi wa karibu zaidi wa serikali, na mwaka uliofuata ikatungwa kanuni ya kuwalazimisha wakulima kuuza kahawa yao kwa njia hiyo peke yake. Bei zilikuwa zimeshuka. Wakulima walilalamika, wakaenda mpaka mahakamani, na mwaka 1937 ghasia zikazuka katika baadhi ya sehemu za mlima.

Kwa mwanafunzi wa habari, mwaka 1937 una fundisho kubwa. Wakulima walikuwa na hesabu zao: walijua uzito wa kahawa waliyopeleka na fedha waliyolipwa. Hiyo ilikuwa habari kamili, yenye nani, nini, lini, wapi na kwa nini. Lakini mahali ambapo malalamiko hayana ukurasa wa kuandikwa, huandikwa kwa mawe barabarani. Serikali iliyoziba masikio yake ilishangaa kelele zilipotokea.

Miaka kumi na sita baadaye mlima ulipata gazeti lake. Mwaka 1953, wakati wa Mangi Mkuu Thomas Marealle, Baraza la Wachagga lilianzisha Komkya, jina la Kichagga lenye maana ya kumekucha. Lilitolewa Moshi na lilikuwa la mlima mzima, Uru ikiwamo. Hii ilikuwa hatua ya maendeleo, na hatuna budi kuikubali. Watu waliosoma shule za misheni walipata mahali pa kuandika mambo ya kwao.

Hata hivyo mwenye gazeti alikuwa Baraza, na mkuu wa Baraza alikuwa Mangi Mkuu. Wakati huohuo hoja kubwa ya siasa mlimani ilikuwa ni cheo hichohicho cha Mangi Mkuu: je, kiwe cha kurithi, au wananchi wachague kiongozi wao kwa muda maalumu? Wananchi waliamua kwa kura mwaka 1960, na zama za Mangi Mkuu zikaisha. Mwanafunzi yeyote anaweza kuona tatizo. Gazeti linalomilikiwa na mtu linaweza kueleza mambo mengi kwa uaminifu mkubwa, lakini likifika kwenye habari ya mwenye gazeti, kalamu huwa nzito. Tusidhani kwamba hili lilikuwa tatizo la Mangi Mkuu peke yake. Ni kanuni, na kanuni haichagui mtu.

5. Kalamu ya ukombozi

TANU ilipoanzishwa mwaka 1954 haikuwa na gazeti. Mwaka 1957 ilianza kutoa Sauti ya TANU, na Mwalimu Nyerere mwenyewe ndiye aliyekuwa mhariri wake. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kashfa kwa sababu ya maandishi yaliyowashutumu wakuu wawili wa wilaya. Alipatikana na hatia, akatakiwa kulipa faini ya shilingi 3,000 au kwenda jela miezi sita. Faini ililipwa. Mwaka huohuo wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi.

Ndugu zangu makada hupenda kulisimulia tukio hili kama hadithi ya ushujaa, na kweli ni ushujaa. Lakini lina upande wa pili. Katika kesi ya kashfa, moyo wa ushujaa haumsaidii mwandishi mahakamani. Kinachomsaidia ni ushahidi. Anahitaji shahidi aliyekuwapo, barua yenye tarehe na daftari lililoandikwa siku ileile. Mwandishi wa ukombozi alithubutu kuliko wote waliomtangulia, na mkoloni alimfundisha kwa njia ngumu kwamba kuthubutu bila vithibitisho ni kumpa adui fimbo. Somo hili wanafunzi wa vyuo hulipata katika mafunzo ya sheria za habari. Wazee wetu walilipata kizimbani.

6. Baada ya Uhuru: vyuo na vyombo

Gazeti la Chama, Uhuru, lilianza mwaka 1961. Baada ya Uhuru lilizuka swali: ni nani atakayewafundisha waandishi wa nchi changa? Mataifa makubwa yalikuwa tayari na majibu yao. Marekani ilikuwa imefungua shule ya uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Missouri tangu mwaka 1908. Kuanzia mwaka 1963 Taasisi ya Kimataifa ya Magazeti, IPI, iliendesha kozi za miezi sita mjini Nairobi kwa waandishi wa Kiafrika. Mwaka huohuo huko Berlin Mashariki ilifunguliwa shule ya mshikamano kwa ajili ya waandishi kutoka nchi zilizokuwa zinajikomboa. Upande mmoja ulisema habari haina upande. Upande wa pili ulisema habari ni silaha ya mapambano. Kila mmoja ulikuwa na ukweli ndani yake, na kila mmoja ulikuwa na maslahi yake.

Nyumbani, kituo cha mafunzo ya jamii cha Nyegezi, Mwanza, kilichoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1960, kilikuwa miongoni mwa vya kwanza kufundisha uandishi wa habari. Mwaka 1975 serikali ilianzisha Chuo cha Uandishi wa Habari Tanzania mjini Dar es Salaam, na mwaka uliofuata likaundwa shirika la habari la taifa, Shihata, ili habari za nchi yetu zikusanywe na watu wetu badala ya kungoja kusimuliwa na wageni.

Katikati ya hayo ndipo ilipokuja tarehe 5 Februari 1970, siku gazeti la The Standard lilipotaifishwa. Mwalimu alitoa mwongozo: gazeti liwe la wananchi, liunge mkono siasa ya ujamaa, na liwe na uhuru wa kukosoa. Mhariri aliyeteuliwa alikuwa Frene Ginwala, mpigania uhuru wa Afrika Kusini. Mwaka 1971 gazeti lilichapa tahariri ya kuishutumu serikali ya Sudan kwa kuwanyonga wakomunisti, na mhariri akaondolewa. Mwaka 1972 gazeti liliunganishwa na The Nationalist likawa Daily News. Tunaweza kubishana kama tahariri ile ilikuwa ya busara au haikuwa. Hatuwezi kukana kwamba kila mhariri aliyekuja baadaye alijua mpaka uko wapi.

Lakini tusiishie kwenye tahariri. Zama zile zilifanya jambo kubwa lililosahaulika katika madarasa ya leo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwaunganisha watu wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, vikisikia, vikijadili na kutenda. Mwaka 1974 Mwanza ilianza kutoa gazeti la vijijini, Elimu Haina Mwisho, kwa ajili ya watu wazima waliotoka kujifunza kusoma. Hapo palikuwa na mbegu ya jambo jipya: mwanakijiji kuwa msomaji na mwandishi kwa wakati mmoja.

Mbegu ile haikumea kama ilivyotarajiwa. Kidogo kidogo habari ikawa hotuba. Magari ya kiongozi yalipofika, mwandishi alifika, yalipoondoka, aliondoka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, KNCU ikiwamo, na vikarudishwa baadaye baada ya sheria ya mwaka 1982. Mwanafunzi anayetaka kupima uandishi wa zama zile na afungue magazeti ya mwaka 1976, atafute: ni wapi mkulima wa kahawa aliyeulizwa maoni yake? Ni ukurasa gani? Zoezi hilo peke yake linatosha kwa muhula mmoja.

7. Habari inaingia chuo kikuu

Baada ya mageuzi ya mwaka 1992 magazeti na redio viliongezeka haraka, na mahitaji ya waandishi yakaongezeka pia. Mwaka 1998 Nyegezi ikawa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino. Mwaka 2003 Chuo cha Uandishi wa Habari kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na ndicho chimbuko la Shule Kuu ya Uandishi wa Habari na Mawasiliano ya Umma. Kisha ikaja Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo na kanuni zake zilizofuata mwaka 2017 zilimtaka mwandishi wa habari kuwa na ithibati, na elimu isiyopungua stashahada.

Hapa panahitaji fikra. Kwa upande mmoja elimu imeiinua kazi hii. Mwandishi aliyesoma sheria, takwimu na historia si rahisi kudanganywa na mtaalamu mwenye majedwali. Kwa upande wa pili, mwalimu wa kijiji aliyekuwa akiandika barua kwa Mambo Leo asingeipata ithibati leo. Tumempata mwandishi mwenye cheti mjini, tukampoteza mwandishi asiye na cheti aliyekuwapo kijijini. Na mwandishi wa wilayani anayelipwa kwa habari moja moja, asiye na nauli ya kupanda Uru, hungoja nauli kutoka kwa mwenye tukio. Nauli hiyo huja katika bahasha, na bahasha huja na kichwa cha habari ndani yake. Huo ndio mrija mpya, na anayenyonywa ni msomaji.

Wala shahada peke yake haiponyi. Mwezi Agosti 2021 gazeti letu wenyewe, Uhuru, lilichapa katika ukurasa wa mbele kichwa cha habari kilichompa Rais maneno ya kutogombea mwaka 2025, maneno ambayo hakuyatamka. Viongozi wa kampuni walisimamishwa kazi na Chama, na serikali ikasimamisha leseni ya gazeti kwa siku 14. Hatulitaji jambo hili kwa kufurahia. Tunalitaja kwa sababu kosa lililotendeka si la nadharia ngumu. Ni la somo la juma la kwanza: maneno ya mtu yawe maneno yake. Kama somo hilo linaweza kutupita katika gazeti lenye historia ndefu kuliko umri wa wengi wetu, basi hakuna aliyehitimu kiasi cha kutorudi darasani.

8. Zoezi la Uru

Kila mwaka vijana kadhaa wanaosoma katika vyuo vikuu vilivyoko Moshi huja katika darasa langu la siasa. Huwapa zoezi moja: pandeni Uru, hudhurieni kikao cha wenye mfereji, mlete habari ya aya tano. Aya ya kwanza wanayoleta mara nyingi inafanana na hii:

"Mwenyekiti wa kijiji amewataka wananchi kuitunza miundombinu ya maji kwa ajili ya maendeleo endelevu."

Wamejifunza darasani kwamba jambo kubwa hutangulia na madogo hufuata, kama piramidi iliyopinduliwa. Mtindo huo, unaohusishwa na telegrafu na mashirika ya habari ya karne ya 19, wameushika vizuri. Kosa lao si la mtindo. Kosa ni kudhani kwamba jambo kubwa ni mtu mkubwa. Basi huwarudisha mlimani na maswali haya: mfereji una wenye zamu wangapi? Nani hakupata maji, na kihamba chake kiko wapi? Mmekwenda kukiona? Ukingo ulibomoka lini, nani alitoa taarifa, na ilifika kwa nani? Mliyemtaja kwa ubaya, mmempa nafasi ya kujibu? Idadi mliyoandika mmehesabu, au mmeambiwa?

Mara ya pili aya ya kwanza hubadilika:

"Kaya za kitongoji cha chini hazijapata maji ya mfereji kwa majuma sita tangu ukingo wa nduwa ulipobomoka, na barua mbili za kuomba saruji hazijajibiwa."

Aya hii haina tusi, haina hamasa, wala haimsifu wala kumlaumu mtu. Lakini ina nguvu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu aliyeiandika alikuwapo na amethubutu. Na tazama: haihitaji mapambo. Msimamo wa kisiasa wa mwandishi umo katika uchaguzi wa swali, yaani ameamua kumuuliza asiye na maji. Baada ya hapo kazi ni ya ukweli.

Mara moja kijana mmoja aliniuliza: "Mwalimu, habari hii ikichapwa, si itawafurahisha wapinzani wa Chama?" Nilimwambia kwamba swali lake ni zuri, na jibu lake nililipata kwa mama wa Uru. Taarifa yangu ya kwanza iliwafurahisha wakubwa wote, haikumfurahisha mpinzani hata mmoja, na migomba ikakauka. Chama cha wakulima na wafanyakazi hakiwezi kulindwa na taarifa inayowadhuru wakulima. Anayekificha Chama kasoro zake anakinyima dawa, hata akiwa na kadi mfukoni.

9. Hitimisho

Historia tuliyoipitia inaonyesha mstari mmoja. Mjumbe wa mfereji alikuwapo, lakini mbele ya Mangi alinyamaza. Mwandishi wa Mambo Leo alikuwapo, lakini hakuruhusiwa kuuliza kwa nini. Erica Fiah na wahariri wa harakati za uhuru walithubutu, wakalipia, bila kuwa na watu wa kutosha katika kila kijiji. Sisi tulioirithi nchi huru tulipata vyombo, mitambo, vyuo na shahada. Kisha mara kwa mara tukaketi ofisini kungoja hotuba.

Kutokana na hayo yako mambo matatu ya kutendwa. Kwanza, vyuo vikuu viwapeleke wanafunzi vijijini katika mwaka wa kwanza, kabla hawajazoea meza, na wapimwe kwa daftari la mahojiano pamoja na habari iliyokamilika. Pili, matawi ya Chama na serikali za vijiji yafungue vitabu vyao vya mapato na matumizi kwa mwandishi anayeuliza. Kijana hawezi kufundishwa kuthubutu na kiongozi anayefunga kabati. Tatu, vyombo vyetu vya habari vimlipe mwandishi wa wilayani nauli ya kufika kwenye tukio, ili asilipwe na mwenye tukio. Haya hayahitaji sheria mpya. Yanahitaji nia.

Ukingo wa nduwa ile ulijengwa baadaye na wenye mfereji wenyewe, kwa michango yao, msimu mmoja kwa kuchelewa. Mama yule ameshafariki dunia. Kila ninapokabidhiwa taarifa ya mwanafunzi, iwe imeandikwa kwa mkono au imechapwa kwa kompyuta, huandika pembeni swali lake kabla sijasoma mstari wa pili: ulikuwapo?